Maswali yenu: umri wa kanisa, chokaa ukutani na kengele iliyobadilika sauti

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwenye sharika zenye jubilei au ukarabati mbele yao. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Usharika wetu uko mteremkoni mwa Kilimanjaro na tunajiandaa kwa jubilei. Jiwe lililo juu ya mlango lina mwaka mmoja, wazee wanataja mwingine, na mchungaji wetu mstaafu anashikilia wa tatu. Tufuate upi? – *Katibu wa kamati, Moshi*

Jibu: Huenda wote watatu wako sahihi. Kanisa la mahali huwa na tarehe zisizopungua nne: kituo kilipoanzishwa, ubatizo wa kwanza, jiwe la msingi lilipowekwa, na jengo lilipowekwa wakfu. Kati ya ya kwanza na ya mwisho miongo mizima inaweza kupita. Rabai, karibu na Mombasa, wamisionari Krapf na Rebmann walifungua kituo mwaka 1846, lakini kanisa la mawe la Mtakatifu Paulo ni la miaka ya 1880. Hata jengo moja lina mianzo miwili: Azania Front ya Dar es Salaam ilianza kujengwa 1898 na kukamilika 1902, kwa hiyo mtu akisema "kanisa la 1898" na mwenzake akasema "la 1902", msiwagombanishe.

Kwenu Moshi kuna mtego wa ziada. Waliotangulia ni Waanglikana wa CMS, chama cha misheni cha Uingereza, mwaka 1885. Waliondoka 1892 baada ya kuingia mgogoro na watawala wa Kijerumani, na Waluteri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakafika 1893 wakianzia Machame. Ukikuta maandishi yanayosema misheni Moshi ilianza 1885, ni kweli, ila si misheni yenu. Masasi nako watu hujikwaa kwa namna hiyo hiyo: kijiji cha watumwa walioachwa huru kilianza 1876 chini ya Askofu Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, kikavamiwa na kuteketezwa 1882, kisha kazi ikaanza upya. Anayehesabu kutoka upande mmoja wa 1882 hatakubaliana na anayehesabu kutoka upande wa pili.

Ushauri wetu: jubilei ya usharika ihesabiwe tangu kituo kuanza au tangu ubatizo wa kwanza, na jubilei ya jengo tangu siku ya kuwekwa wakfu. Kisha kwenye bango andikeni wazi ni jubilei ya nini. Ugomvi mwingi wa kamati unaishia hapo.

Ushahidi anzeni kuutafuta kabatini mwenu. Kitabu cha ubatizo kina uzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, lakini nacho kichunguzeni. Kurasa za mwanzo zikiwa na mwandiko mmoja na wino wa rangi moja kwa miaka mitano au sita mfululizo, hizo zilinakiliwa baadaye kutoka kitabu kingine, pengine cha kituo mama. Makosa ya tarehe huzaliwa humo. Maandishi ya Kijerumani ya kabla ya Vita vya Kwanza mara nyingi yako kwenye mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Herufi *e* yake hufanana na *n*, na kuna *s* ndefu inayodhaniwa kuwa *f*. Habari njema ni kwamba majina ya watu na mahali kwa kawaida yaliandikwa kwa herufi za Kilatini za kawaida. Hayo mtayasoma wenyewe, na ile safu ya maelezo pembeni ndiyo mtakayompelekea mtaalamu.

Msishangae kukuta pengo. Wamisionari wa Leipzig walilazimika kuondoka mwaka 1920 na hawakurudi hadi katikati ya muongo huo. Katika miaka hiyo sharika zilibebwa na walimu wenyeji, na baadaye Waluteri wa Augustana kutoka Marekani wakasaidia. Mwaka 1939 vita vilipozuka tena, Wajerumani wakakamatwa. Kwa vipindi hivyo madaftari ya michango, orodha za wanafunzi wa kipaimara na barua za walimu zina thamani kuliko ripoti yoyote ya Ulaya, na ndizo hutupwa kwanza kabati likisafishwa.

Baada ya hapo ndipo muandike nje. Nyaraka za Leipzig zimehifadhiwa Halle, katika Franckesche Stiftungen. Za Wamoravian ziko Herrnhut, za misheni ya Bethel iliyofanya kazi Usambara ziko Wuppertal, za UMCA ziko maktaba ya Bodleian, Oxford, za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za Waskoti ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Barua yenu itaje jina la kituo kama lilivyoandikwa wakati ule, kwa tahajia zote mnazozijua, na miaka isiyozidi kumi. Ukiomba "historia yote ya kanisa letu" utajibiwa kwa heshima na hutapata kitu. Picha nyingi za zamani za Leipzig na za misheni nyingine zinaonekana bure mtandaoni katika hifadhi ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California.

Na lile jiwe la mlangoni, liangalieni kwa karibu. Kama ukuta umejengwa kwa chokaa au udongo lakini jiwe limezungushiwa saruji, basi lilitolewa na kurudishwa, au liliwekwa siku ya ukarabati fulani. Mwaka uliochongwa unaweza kuwa wa ukarabati huo.

Swali: Vitabu vyetu vya ubatizo vimeanza kuchanika na kimoja kililowa mvua. Mtu ametushauri tuvilaminishe. – *Mwinjilisti, Lushoto*

Jibu: Msilaminishe, na wala msibandike selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia, hupenya karatasi na haitoki tena. Laminesheni hupikia wino ndani ya plastiki na hairudishwi nyuma.

Kitabu kilicholowa kisianikwe juani, kwa sababu karatasi zitajikunja na kushikana. Kisimamisheni wima kwenye meza kivulini, penye upepo, kikiwa kimefunguka kidogo. Wekeni karatasi nyeupe zisizo na maandishi kila baada ya kurasa kumi hivi, na mzibadilishe kila zinapolowa. Magazeti yanaacha wino, yaepukeni. Kurasa zilizoshikana ziacheni zikauke kwanza, msizibandue zikiwa mbichi.

Kisha pigeni picha kila ukurasa kwa simu, dirishani, bila mwanga wa flashi, simu ikiwa sambamba na ukurasa. Anzeni na jalada, msiruke kurasa tupu, na hifadhini nakala sehemu mbili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo la kanisa. Kitabu chenyewe kikae ndani ya boksi la karatasi ngumu, rafu ya kati, mbali na ukuta wa nje. Mifuko ya nailoni hufungia unyevu na kuleta ukungu.

Swali: Ni kweli nguzo za Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, ziliwekwa juu chini? – *Mwanafunzi, Tanga*

Jibu: Ziko nguzo ndogo karibu na kisima cha ubatizo ambazo zimesimama kichwa chini, na simulizi inayotolewa ni kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu Steere akiwa hayupo. Jambo la kustaajabisha zaidi liko juu ya vichwa vyenu mkiingia. Paa lile la kuba ndefu lilimwagwa kwa matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji, bila kenchi, na wapo waliotabiri kwamba litaanguka. Soko la watumwa lililokuwa mahali hapo lilifungwa Juni 1873, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo, na Steere akazikwa nyuma ya madhabahu mwaka 1882. Paa bado liko.

Jambo moja la kuangalia kama unaandika insha: vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kwa wageni jirani na kanisa viko chini ya jengo lililojengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Wanahistoria kadhaa wanapinga kwamba watumwa walifungiwa humo. Soko lenyewe halina ubishi.

Swali: Kanisa letu la pwani ni la mawe ya matumbawe. Miaka michache iliyopita tulipiga lipu ya saruji upya ndani na nje, sasa inabanduka vipande vikubwa na nyuma kuna unga mweupe. Fundi anasema saruji ilikuwa kidogo, tuongeze. – *Mzee wa kanisa, Kilifi*

Jibu: Msiongeze. Saruji yenyewe ndiyo tatizo, hata ikichanganywa vizuri kiasi gani.

Ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kupitia usoni mwake. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo nyuma yake na haipitishi mvuke vya kutosha. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, yakifika mahali pa kukauka huacha chumvi, na chumvi ikiganda hutanuka na kuisukuma lipu. Huo unga mweupe ni chumvi. Pigeni pigeni ukuta kwa kifundo cha kidole na mtasikia mlio wa uwazi hata pale ambapo lipu bado inaonekana nzima. Kuta za bara za mawe na udongo huugua ugonjwa huu huu.

Kazi ianze na maji. Ardhi ya nje mara nyingi imepanda kwa miaka ya kufagia, kumwaga kifusi na kupanda maua, hadi inakaribia sakafu ya ndani. Ichimbeni ishuke angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu. Kama kuna jamvi la saruji limegusa ukuta kuzunguka kanisa, likateni upana wa sentimita 30 hadi 50 na mjaze kokoto. Mifereji ya paa irekebishwe, na maji yake yapelekwe mbali na msingi. Bila hatua hii, lipu ya aina yoyote mtakayopiga ni sadaka iliyopotea.

Kisha bandueni saruji kwa tindo na nyundo nyepesi. Grinda na mashine ya kubomolea hupasua matumbawe. Mahali ambapo saruji imeng'ang'ania kiasi cha kung'oa jiwe, iacheni. Swakini chumvi kwa brashi kavu, mkaitupe nje. Ukuta uachwe wazi msimu mmoja wa kiangazi, na hapa ndipo kamati nyingi hukosa subira kwa sababu ukuta uliovuliwa haupendezi kwenye picha za harusi.

Chokaa. Mkiipata ya tanuru ambayo haijazimwa, iongezwe kidogo kidogo ndani ya maji. Kumwaga maji juu ya chokaa huirusha usoni. Huchemka kweli kweli, kwa hiyo tumieni pipa la chuma, miwani na glavu, na watoto wakae mbali. Ndoo ya plastiki itayeyuka. Ujiuji wake uchujwe kwa wavu wa milimita 3 na ukae chini ya maji miezi mitatu, kwa sababu bonge ambalo halikuzimika vizuri litazimikia ukutani na kutoboa lipu. Mkitumia chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa kiwandani, ilowekeni hadi iwe ujiuji mzito, saa 24 kwa uchache, na wiki nzima ni bora.

Mchanganyiko ni sehemu 1 ya ujiuji wa chokaa kwa 3 za mchanga, kwa ujazo. Mchanga uwe wa mto, mkali kwenye vidole, wenye punje kubwa na ndogo. Wa ufukweni una chumvi, na mtakuwa mmerudisha adui mliyemswaki. Ukandwe kwa nguvu bila kuongeza maji ovyo. Ujiuji ukikandwa vya kutosha hulainika wenyewe. Fundi asiongeze "saruji kidogo ya kushikia". Kiasi kidogo cha saruji hakiimarishi chokaa, huidhoofisha.

Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya mawe na chokaa. Lowesheni ukuta hadi uache kunyonya kwa pupa. Koti la kwanza liwe milimita 10, likwaruzwe likiwa bado bichi. Baada ya siku tano hadi saba, ukucha ukishindwa kuingia, pigeni la pili la unene huo huo au pungufu, na la mwisho milimita 3. Kila koti lipuliziwe maji asubuhi na jioni na lifunikwe kwa magunia yaliyolowa, hasa upande wa jua na upepo wa bahari. Chokaa haikauki kama tope. Hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na inahitaji unyevu ili ifanye hivyo. Ikikaushwa haraka hubaki vumbi linalofutika kwa kiganja, ikipigwa nene hupasuka. Nyufa nyembamba za siku ya kwanza zisugueni kwa mbao kabla hazijakomaa.

Umaliziaji ni chokaa ya maji, makoti manne au matano mepesi kama maziwa, kila moja likipewa siku nzima. Rangi ya mafuta au ya plastiki itafunga kila mlichofungua.

Kama jengo lenu limetangazwa kuwa urithi, wasilianeni na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kuanza. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 ndiyo inayowahusu. Wenzenu wa Tanzania Bara waende Idara ya Mambo ya Kale, na wa Mji Mkongwe waende kwenye Mamlaka ya Uhifadhi ya huko.

Swali: Tulikata boriti za chini za kenchi tatu ili projekta ionekane na kanisa liwe na nafasi. Sasa kuna ufa juu ya madirisha ya pande zote mbili. Vinahusiana? – *Mhazini wa usharika, Njombe*

Jibu: Vinahusiana. Boriti ile ya chini ndiyo inayozuia miguu ya kenchi isitanuke. Ikikatwa, uzito wa paa unasukuma vichwa vya kuta nje, na ukuta wa mawe na udongo haujui kuvutwa. Ufa wa namna hii huwa mpana juu na mwembamba kuelekea chini. Ufa unaotokana na msingi kuzama kwa kawaida huonekana tofauti.

Ondoeni watu chini ya kenchi hizo hadi ziwekewe nguzo za muda. Halafu pimeni kama ufa unatembea: pakeni jasi juu yake, kiraka cha sentimita 10 kwa 5, unene wa milimita 5 hivi, mwandike tarehe. Kiraka kikipasuka, ukuta bado unakwenda. Wekeni kwenye nyufa zote mbili, juu na chini.

Suluhisho la kawaida ni kurudisha boriti, au kufunga kila kenchi kwa fimbo ya chuma yenye sahani na nati kila ncha. Ukubwa wa fimbo apige hesabu mhandisi. Msikubali fundi akisie kwa jicho. Nati ikazwe taratibu, kidogo kila siku. Usijaribu kuurudisha ukuta ulipokuwa kwa siku moja, kwa sababu kilichoegemea nje kwa miezi kitavunjika kikivutwa kwa ghafla. Kujaza ufa saruji kabla ya yote haya ni kuficha kipimo chenu wenyewe.

Swali: Kengele yetu ya enzi za Wajerumani imebadilika sauti, inalia kama sufuria. Mchomeleaji amejitolea kuiziba ufa. – *Mlinzi wa kanisa, Tukuyu*

Jibu: Mshukuruni, lakini asiiguse kwanza. Someni maandishi ya begani. Yakiwa "Bochumer Verein", ni chuma kilichosubuliwa Bochum, Ujerumani, kutoka kiwanda kilichokuwa kikitengeneza kengele za chuma tangu karne ya 19. Sumaku itanata. Isiponata na kutu yake ikiwa ya kijani, ni shaba nyeusi, na kuichomelea kwa vifaa vya gereji ya kawaida ni kuiua: joto la sehemu moja hueneza ufa. Kazi hiyo hufanywa na warsha chache sana duniani, kengele nzima ikiwa imepashwa moto.

Kabla ya kuamini kuwa kuna ufa, kagueni vitu vya bei nafuu. Boliti za kichwani zikilegea, sauti hufa. Kengele ikigusa mbao au ukuta, hufa vilevile. Ulimi ukilika hupiga mahali pasipo pake. Kama mahali panapopigwa pameliwa na kuacha bonde, fundi anaweza kuizungusha kengele robo mzunguko ili ulimi upige sehemu mpya, mradi kishikizo kinaruhusu.

Na ulizeni inapigwaje. Kufunga kamba kwenye ulimi na kuuvuta ndiyo njia rahisi, na ndiyo inayopasua kengele nyingi, kwa sababu ulimi unabaki umeibana badala ya kuigusa na kuiachia. Kamba ifungwe kwenye gurudumu au mkono wa kengele ili kengele ndiyo ibembee. Ya chuma ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kwa koti jembamba nje. Mahali pa kupigwa paachwe wazi.

Swali: Tunajenga mnara mpya. Kifaa cha kuzuia radi ni lazima, au ni gharama ya bure? – *Mwenyekiti wa ujenzi, Bukoba*

Jibu: Ng'ambo ya ziwa lenu, kanisa kuu la Namirembe, Kampala, lilijengwa mara tano. La pili liliangushwa na tufani 1894. La nne, la matofali lakini lenye paa la nyasi, lilipigwa radi Septemba 1910 likateketea. La tano lililopo leo lilimalizika 1919. Mwambao wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na mnara wenu utakuwa ndicho kitu kirefu kuliko vyote kilimani.

Mlingoti wa juu upite ncha ya msalaba, na msalaba wa chuma uunganishwe nao. Washusheni nyaya mbili, pande mbili tofauti za mnara, kwa utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3, bila kona kali. Kila mmoja uingie kwenye fimbo yake ya ardhini, na upinzani wa ardhi kwa mfumo mzima usizidi omu 10. Fundi apime kwa kifaa mbele yenu, wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo mkavu ndio unaoonyesha ukweli. Mabati, fremu ya kengele na waya wa ardhi wa umeme vyote viunganishwe kwenye mfumo huo, la sivyo radi itaruka kutoka kimoja hadi kingine. Vipaza sauti viwe na kinga yake kwenye bodi ya umeme, mlingoti hauvisaidii. Viungio vikaguliwe kila mwaka kabla ya masika, na utepe wa chini ya mita mbili ufunikwe kwa bomba na kufungwa imara, maana shaba huibwa.